Jinsi ya kuchagua pa kugusa kwenye netiweki ya jeni malengo yako yanapovutana (mfano: selimundu)

Ukishaanza kuchezea netiweki ya jeni, yaani kundi la jeni zinazowashana na kuzimana, iwe kwenye kompyuta au maabara, shida haiji kwenye swali la "nitaizimaje hii jeni", hilo siku hizi lina majibu mengi tu. Shida inakuja pale unapogundua kwamba jeni unayotaka kuizima ina kazi nyingine tatu sehemu nyingine za mwili na mwenye mwili anazihitaji zote. Hapo ndo malengo yanaanza kuvutana na watu wengi wanaishia kuchagua kwa hisia halafu wanatafuta grafu ya kuipamba hiyo hisia.

Nitaenda hatua kwa hatua namna ya kupanga kazi ya hivi, na mfano mwanzo mwisho ni selimundu. Kwanza ni ugonjwa wetu, Tanzania peke yake makadirio yanayotajwa sana ni watoto kama 11,000 wanaozaliwa nao kila mwaka. Pili, ni moja ya sehemu chache ambako netiweki imechorwa vizuri, ikaguswa, na matokeo yakaonekana kwa binadamu na sio panya tu.

Kwa asiyeijua stori. Mtoto akiwa tumboni anatumia hemoglobini ya kichanga, HbF, inayotokana na jeni mbili, HBG1 na HBG2. Akishazaliwa, ndani ya miezi michache mwili unazima hizo na kuwasha HBB ya kikubwa, na kosa la selimundu liko kwenye hiyo HBB, herufi moja tu ya DNA, ndo maana mtoto mwenye selimundu miezi ya mwanzo anakuwa poa kabisa halafu maumivu na kuvimba vidole vinakuja baadaye. Kwa hiyo wazo ni rahisi kulisema: HbF iliyozimwa iwashwe tena.

Nani anaizima? Mwaka 2008 Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao walionyesha kwamba mzimaji mkuu ni protini inayoitwa BCL11A. Mzimaji wa pili ni ZBTB7A, huyo alithibitishwa 2016. Juu yao yuko KLF1 ambaye anawawasha wote wawili na papo hapo anaiwasha HBB, halafu kuna GATA1 na MYB ambao damu nzima inawategemea. Na hii sio netiweki ya Wazungu tu, utafiti wa Julie Makani na wenzake kwa wagonjwa wa Muhimbili na wa Uingereza, uliotoka 2011, ulikuta kwamba tofauti za kwenye BCL11A na za eneo la HBS1L-MYB zinapandisha na kushusha HbF kwa Watanzania pia.

Anza na mchoro, lakini mchoro wenye tishu

Watu wengi wanachora nodi (kila nodi ni jeni moja) na mishale ya nani anamgusa nani, wanaridhika. Mchoro wa hivo unakuambia nani anamuwasha nani, haukuambii wapi. Sasa kwenye kazi ya kugusa, "wapi" ndo nusu ya kazi.

Fungua karatasi ya Excel ya kawaida tu, kila jeni mstari wake, kolamu ziwe hivi: inafanya kazi tishu gani, ikipungua nusu kinatokea nini, ikiondoka yote kinatokea nini, na ushahidi umetoka kwa nani, binadamu, panya au seli za kwenye sahani. Hiyo kolamu ya nusu usiiruke hata siku moja, maana dawa nyingi na hata kukata kwa CRISPR (mkasi wa DNA) mara nyingi hakuondoi kitu asilimia mia, unaishia katikati na katikati kuna tabia zake.

Jaza mstari wa BCL11A uone. Seli nyekundu: inazima HbF, tunaitaka itoke. Seli B za kinga: panya asiye nayo hatengenezi seli B. Seli shina za damu, zile zinazozaa seli nyingine zote za damu: zinadhoofika. Ubongo: kuna watoto waliozaliwa na nakala moja tu nzima ya BCL11A, na hao HbF yao iko juu kweli, ila wanachelewa kukua kiakili. Yaani maumbile yameshafanya jaribio lenyewe na majibu yako wazi, ukiizima mwili mzima unapata HbF unayoitaka na unaharibu ubongo kwa mkupuo mmoja.

KLF1 nayo ina stori nzuri. Kuna familia ya Malta iliyoripotiwa 2010, waliorithi nakala moja mbovu ya KLF1 walikuwa na HbF ya juu na maisha yao yalikuwa ya kawaida. Mtu akisikia hivo anarukia kusema basi tushushe KLF1. Tulia. Waliorithi nakala mbili mbovu wanapata upungufu mkali wa damu, manake kati ya nusu na sifuri kuna ukingo, na wewe dawa yako itasimama wapi kwenye huo ukingo kwa kila mgonjwa hujui. ZBTB7A: vijusi vya panya visivyo nayo vinakufa kwa upungufu wa damu. MYB: ikishuka kidogo HbF inapanda, ikishuka sana uboho wote unayumba.

Ukimaliza hiyo karatasi tayari umeshajua mambo ambayo simulesheni ya wiki nzima isingekuambia.

Gawa malengo mafungu mawili kabla ya kupiga hesabu yoyote

Andika malengo yote bila kujibana. Kwa selimundu orodha yangu ingekuwa: HbF ya kutosha, uzalishaji wa seli nyekundu usishuke, seli shina zibaki imara, kinga na ubongo visiguswe, DNA isikatwe pasipotakiwa, tiba iweze kufika Mbeya na Kisumu na isiishie Boston, na mgonjwa abaki na uwezo wa kuzaa kama anautaka.

Sasa gawa. Fungu la kwanza ni mipaka, vitu ambavyo havina bei, haijalishi HbF imepanda kiasi gani. Ubongo uko hapa. Saratani iko hapa. Fungu la pili ni vitu vya kujadiliana: HbF iwe asilimia 25 au 40, dawa kila siku au mara moja kwa maisha, dola 100 au dola milioni. Kosa ninaloliona sana kwenye tasnifu na hata kwenye pepa zilizochapishwa ni kuweka vyote fungu moja halafu kila kimoja kinapewa uzito, ubongo 0.3, HbF 0.7, jumlisha, chagua namba kubwa.

Ngoja nioneshe kwa nini hiyo haifai, hizi ni namba za zoezi tu. Mpango P una faida 9 na usalama 1. Mpango Q una faida 6 na usalama 7. Kwa uzito wa 0.7 na 0.3, P anapata 6.3 + 0.3 = 6.6, Q anapata 4.2 + 2.1 = 6.3. P kashinda. Mpango ambao usalama wake ni moja kwa kumi umeshinda kwa sababu hesabu iliruhusu faida ilipie madhara. Ukiweka mpaka mapema, kwamba usalama chini ya 5 hatuzungumzi, P anatoka mlangoni kabla hata ya kuhesabiwa.

Na kuna tatizo la pili la kujumlisha ambalo haliongelewi sana. Chukua mipango mitatu: (9,1), (1,9) na (4,4). Hakuna unaomzidi mwenzake pande zote mbili kwa hiyo yote mitatu ni halali kufikiriwa. Jaribu uzito wowote unaoupenda, huo wa (4,4) hautashinda kamwe, maana alama yake ni 4 siku zote na mmoja kati ya wale wawili atakuwa na 5 au zaidi. Yaani mpango wa katikati unafutwa na hesabu bila mtu kuukataa, na pengine huo ndo daktari angeutaka.

Kwa hiyo badala ya jumla tumia mstari wa Pareto, jina kubwa kitu kidogo: futa kila mpango ambao kuna mwingine unaulingana au kuuzidi kwa kila lengo na kuuzidi wazi kwa angalau lengo moja. Vinavyobaki ndo unaleta mezani, na hapo mtu anachagua, sio fomula.

Pima lengo lenyewe, sio kivuli chake

Hii ni ndogo ila inaua miradi. "Kuongeza HbF" ni lengo la ovyo kama hujasema inapimwaje. Maabara inakupa wastani wa damu yote, lakini seli nyekundu inajikunja yenyewe kivyake, haijali jirani yake ana HbF kiasi gani.

Seli moja ina hemoglobini kama pikogramu 30, na makadirio ni kwamba HbF ikifika karibu pikogramu 10 ndani ya seli hiyo, kujikunja kunazuiwa vizuri. Sasa chukua wagonjwa wawili wote wana HbF ya asilimia 40. Wa kwanza kila seli ina 12, zote zimelindwa. Wa pili nusu ya seli zina 24 na nusu nyingine zina sifuri. Ripoti zao zinafanana kabisa, lakini wa pili nusu ya damu yake bado ni selimundu kamili. Kwa hiyo lengo liandike hivi: asilimia ya seli zilizovuka kizingiti. Ukibadilisha kipimo tu, mpangilio wa mipango yako unaweza kugeuka juu chini, maana njia nyingine zinapandisha seli chache sana na nyingine zinapandisha zote kidogo.

Mvutano mwingine unakwisha ukihamisha mkono

Hapa ndo ninapopapenda kuliko sehemu zote na nitakaa kidogo.

Watu wakikuta lengo moja linagongana na jingine wanaanza moja kwa moja kutafuta maelewano, nipunguze kidogo hapa niongeze kidogo pale. Kabla ya hapo uliza: je, huu mgongano uko kwenye biolojia au uko kwenye mahali nilipochagua kugusa? BCL11A kwa selimundu ndo jibu zuri kuliko yote. Ukiigusa jeni yenyewe unagongana na kinga, seli shina na ubongo. Lakini jeni haijiwashi yenyewe, kila tishu ina kipande chake cha DNA kinachoiwasha, tuviite enhansa. Mwaka 2013 Daniel Bauer, Orkin na wenzao walionyesha kwamba BCL11A ina enhansa inayotumika kwenye seli nyekundu, na ukiiondoa, BCL11A inapotea kwenye seli nyekundu huku kwenye seli B inabaki kama ilivyokuwa. Badala ya kukata umeme mainswichi nyumba nzima ikawa giza, unazima swichi ya chumba kimoja.

Wakaendelea kubana. Ndani ya hiyo enhansa kuna sehemu inaitwa +58, na ndani ya +58 kuna herufi chache ambazo GATA1 anazishika. Kata hapo tu, GATA1 anakosa pa kushika, BCL11A inashuka kwenye seli nyekundu, HbF inapanda. Hiyo ndo Casgevy, tiba ya kukata kwa CRISPR seli shina za mgonjwa mwenyewe halafu anarudishiwa, iliyoruhusiwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo. Kwenye majaribio yake, kati ya wagonjwa 31 waliokuwa wamefuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila krizi kali ya maumivu, na HbF ilifika kama asilimia 40 ikiwa imesambaa karibu seli zote. Kumbuka kile kipimo cha kila seli nilichosema juu.

Kwa hiyo sheria ya kazi: kabla ya kukubali kupoteza chochote, pita kwenye mchoro wako ukiuliza kwa kila mshale, naweza kugusa mshale badala ya nodi? Naweza kugusa kipande cha tishu moja? Naweza kugusa mahali protini inaposhika badala ya protini yenyewe?

Hilo la mwisho lipo pia. BCL11A anaizima HBG kwa kushika kwenye promota yake (kipande cha DNA kinachotangulia jeni), karibu na nafasi ya −115, yaani herufi kama 115 kabla ya jeni kuanza kusomwa, na ZBTB7A anashika kule karibu na −200. Kuna watu wanaozaliwa na mabadiliko ya asili sehemu hizo na HbF yao inabaki juu ukubwani, wazima. Ukigusa hapo hujaigusa BCL11A hata kidogo, inaonekana ndo mpango bora. Ila mvutano mpya unatokea: HBG1 na HBG2 zinafanana sana, ukikata zote mbili kwa mkasi uleule, kipande cha katikati cha DNA kama herufi 4,900 kinaweza kudondoka na ukapoteza jeni moja. Ndo maana wengine wamehamia kubadilisha herufi bila kukata nyuzi zote mbili. Unaona mtindo wenyewe, mvutano haukuisha, umehamia mahali ambapo una zana za kuushughulikia, na hiyo inatosha.

Jenga modeli ndogo, halafu itese

Usianze na jeni 500. Anza na hizi tano sita. Wengi wanaanza na mtindo wa Boole, kila jeni ni 0 au 1, mtindo ulioletwa kwenye netiweki za jeni na Stuart Kauffman mwaka 1969. Mfano:

KLF1 = GATA1
BCL11A = KLF1 na GATA1
ZBTB7A = KLF1
HBG = sio BCL11A na sio ZBTB7A

Inaonekana safi. Sasa izime BCL11A: ZBTB7A bado ipo, kwa hiyo HBG = 0. Modeli inakuambia Casgevy haifanyi kazi! Na tunajua inafanya. Hapo usiitupe modeli, ila ujue imekuambia kitu: wazimaji hawa wawili kila mmoja anabana sehemu yake, na 0/1 haiwezi kubeba hilo. Weka ngazi tatu:

HBG = 2 − BCL11A − ZBTB7A

Zima mmoja, HBG = 1. Zima wote wawili, HBG = 2. Na ndo kilichoonekana kwenye seli za maabara, ukitoa mmoja HbF inapanda sana, ukitoa wote wawili inakaribia kuwa yote. Kanuni yangu ni kwamba modeli haina ruhusa ya kutabiri mpango mpya mpaka irudie majaribio yote yanayojulikana tayari: familia ya Malta, watoto wa nakala moja ya BCL11A, panya wa ZBTB7A. Zile kolamu za Excel ndo mtihani wake.

Halafu rudia mlinganyo kwa kila tishu. Seli nyekundu ina mlinganyo wa BCL11A unaopitia enhansa, seli B ina wake usiopita pale, ubongo nao hivohivo. Ukiwa na tishu moja kwenye modeli, malengo yanayovutana hayataonekana kabisa na utashangilia bure.

Ukiwa na modeli inayokubalika, zungusha mipango yote ya nodi moja na ya nodi mbili, kwa jeni kumi hiyo ni mipango 10 ya moja na 45 ya mbili, laptop ya kawaida inamaliza hapohapo. Usiende kwenye nodi tatu nne kabla hujaona za mbili zimeshindwa, kila nodi unayoongeza ni dawa nyingine au mkato mwingine mwilini mwa mtu, na idadi ya sehemu unazogusa nayo ni lengo, ipewe kolamu yake.

Angalia kama mvutano upo kweli

Kuna mivutano hewa. Watu wameurithi, hakuna aliyeupima.

Mfano bora ninaoujua umetoka Kampala. Haidroksiyurea ni kidonge cha siku nyingi kinachopandisha HbF, na kinashusha seli za damu kikizidi, kwa hiyo ilikuwa inaaminika kwamba kwa Afrika, penye malaria na vipimo vichache, dozi iwe ndogo na ya kudumu, tupoteze faida kiasi tupate usalama. Inaingia akilini. Kwenye jaribio la watoto lililochapishwa 2020 wakalinganisha dozi ya kudumu kama miligramu 20 kwa kilo kwa siku na dozi inayopandishwa taratibu mpaka karibu 30. Waliofikia lengo, yaani HbF ya asilimia 20 au hemoglobini ya gramu 9 kwa desilita, walikuwa asilimia 86 kwa dozi ya kupandisha na 37 kwa ya kudumu, na madhara yalikuwa yanalingana kati ya makundi yote mawili. Jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu jibu lilishakuwa wazi.

Kwa lugha ya Pareto, dozi ndogo haikuwa kwenye mstari kabisa. Haikuwa "salama zaidi ila dhaifu", ilikuwa dhaifu tu. Na kabla ya hapo, utafiti wa 2019 uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulishaonyesha watoto kwenye haidroksiyurea wanapata krizi chache na hata malaria ilipungua. Sasa jiulize kuna mivutano mingapi kwenye mradi wako ambayo umeiandika kwa sababu kila mtu anaiandika. Itie alama ya swali, na kama kuna jaribio moja la bei rahisi linaloweza kuivunja, hilo lifanyike kwanza.

Jaribu mpango kwa watu wanaotofautiana

Modeli yako ina paramita ambazo hakuna anayezijua vizuri. Usichague namba moja moja ukaziamini, chota maelfu ya seti tofauti, uendeshe kila mpango kwenye zote, halafu uangalie ni mara ngapi unavunja mpaka. Mpango wenye wastani wa juu unaovunja mpaka wa usalama kwenye seti 8 kati ya 100 mimi ninauweka chini ya mpango wa wastani wa kati usiovunja kamwe.

Na tofauti za watu sio za kubuni. Haplotaipu ya Kibantu (haplotaipu ni kifungu cha tofauti za DNA zinazorithiwa pamoja na jeni ya selimundu), ambayo ndo imejaa kwetu, inaendana na HbF ya asili ya chini ukilinganisha na wagonjwa wa mashariki ya Saudi Arabia ambao HbF yao iko juu na ugonjwa wao huwa mpole zaidi. Mpango unaoongeza HbF kwa pointi kumi unawavusha wale kizingiti, wetu unawaacha chini. Kwa hiyo anzia modeli yako kwenye kiwango cha mgonjwa wa hapa.

Upande wa kukata pasipotakiwa kuna kisa kinachotakiwa kila mtu akijue. Mwongozo wa CRISPR, kile kipande kinachouelekeza mkasi pa kukata, unaolenga hiyo enhansa ya BCL11A ulipokaguliwa dhidi ya jenomu ya kawaida ya rejea ulionekana msafi. Kwenye utafiti uliotoka 2023 wakaukagua dhidi ya tofauti za watu halisi, wakakuta badiliko moja kwenye jeni ya CPS1, linalobebwa na takribani asilimia 4.5 ya kromosomu za watu wenye asili ya Afrika, ambalo linatengeneza sehemu mpya ya mkasi kukata. Tiba inayolenga ugonjwa wa Waafrika, ikikaguliwa kwa rejea isiyowawakilisha! Hapo lengo la usalama lilikuwepo kwenye orodha, ila lilipimwa kwa mtu mwingine.

Muda nao ni lengo

Ukigusa netiweki kwa muda halafu ukaachia, mara nyingi inarudi ilikokuwa. Haidroksiyurea ukiiacha HbF inashuka. Hiyo ni hasara kwa mgonjwa ambaye duka la dawa liko umbali wa kilomita 60, na ni faida pia, kwa sababu madhara nayo yanaisha ukiacha. Mkato kwenye seli shina haurudi nyuma, uwe mzuri au mbaya. Andika kolamu ya "ikiharibika tunarudije", na pale penye jibu la "haturudi" viwango vya ushahidi vipande.

Kuna aina ya tatu, msukumo wa muda unaohamisha netiweki kwenye hali mpya ikabaki hukohuko. Mtafiti wa Japani, Shinya Yamanaka, alifanya hivyo 2006 kwa protini nne zilizorudisha seli za kawaida za panya kuwa seli shina. Moja kati ya hizo nne ilikuwa c-Myc, inayoongeza kasi lakini inajulikana kwa saratani, na baadaye ikaonekana inawezekana kuiacha kwa gharama ya kupata seli chache zaidi. Hiyo ni biashara inayokubalika, seli chache unazikuza, uvimbe haufutiki.

Mwisho wa siku anachagua nani

Sio wewe mwenye laptop. Ukishapata mipango mitatu minne iliyobaki kwenye mstari, kila mmoja uandike kwa maneno ya kawaida, unapata nini na unapoteza nini, bila alama. Casgevy: mara moja, HbF juu, ila kabla ya kurudishiwa seli zako unapigwa busulfani, dawa kali ya kufuta uboho, ambayo inaweza kukuondolea uwezo wa kuzaa, na bei ya Marekani ni dola milioni 2.2. Haidroksiyurea: kidonge kila siku, vipimo vya damu mara kwa mara, bei ndogo, haimfanyii kazi kila mtu. Binti wa miaka 19 na baba wa watoto wanne watachagua tofauti na wote wako sahihi.

Bei na umbali usiviweke kwenye aya ya mwisho ya ripoti kama pole. Viingie kwenye orodha ya malengo tangu siku ya kwanza, kwa sababu vinabadilisha pa kugusa. Ukisema tangu mwanzo tiba lazima iwe kidonge kinachokaa kwenye joto la kawaida, enhansa inatoka kwenye orodha, maana kidonge hakikati DNA, na unaanza kutafuta protini ambayo molekuli ndogo inaweza kuishika. Ndo njia waliyopita watafiti wa Novartis, mwaka 2024 wakachapisha molekuli iitwayo dWIZ-1 inayoharibu protini ya WIZ, mzimaji mwingine wa HbF, na kuiharibu WIZ kwa njia hiyo ya dawa kukapandisha HbF kwenye panya na nyani. WIZ nayo ina kazi zake kwenye tishu nyingine, kwa hiyo ukitaka zoezi anzia hapo: ongeza mstari wa WIZ kwenye ile Excel, jaza kolamu ya nusu, jaza ya sifuri, na uone inavuka mpaka upi kwanza.